Giaboksi Imekufa au Difu? Ulinganisho wa Njia za Kulirudisha Barabarani Gari Aina ya Noah la Zamani, kwa Walio Mwanza

Noah inayobeba abiria kati ya Kisesa na Buzuruga, au inayopakia magunia ya dagaa Mwaloni Kirumba na kuyapeleka Misungwi, hufikia siku ambayo mwenye gari anakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, na gari halivuti. Siku hiyo washauri huwa wengi. Mmoja atakwambia giaboksi ifunguliwe itengenezwe, mwingine atasema usihangaike, nunua ya mtumba kutoka Japani, na wa tatu atakushauri uitupe otomatiki moja kwa moja na kufunga giaboksi ya gia za mkono. Kila mmoja wao amewahi kuona ushauri wake ukifanya kazi, na ndiyo maana ni vigumu kuchagua.

Naandika haya nikiwa nimewahi kulipia kosa. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua giaboksi nzima ya mtumba ili kuondoa kishindo kilichokuwa kinasikika kila nilipoondoka kwenye taa. Gari lilishushwa giaboksi, likafungwa nyingine, nikakabidhiwa ufunguo, na kabla sijafika Mabatini kishindo kilikuwa kimerudi vilevile. Kilichokuwa kimekufa ni krosi ya propela, yaani kiungo cha shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, kipuri kidogo kinachoshikika kwa kiganja kimoja. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha njia za matengenezo, nitatumia nafasi ya kutosha kwenye swali la kwanza, ambalo wengi huliruka.

Ni gari gani hasa, na kipi kimekufa?

Kwa Noah za zamani, jina hilo linabeba magari mawili yaliyoundwa tofauti kabisa. Lile la kwanza, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1996 hadi 2001 na linalotambulika kwa herufi SR40, au SR50 kwa la kuvuta magurudumu manne, lina injini ya 3S-FE ya lita mbili chini ya viti vya mbele, ingawa yapo pia ya dizeli. Giaboksi ya SR40 imelala nyuma ya injini, kisha inafuata propela, na difu, yaani seti ya meno inayogawa nguvu kwa magurudumu ya kushoto na kulia, iko peke yake kwenye ekseli ya nyuma. Lile lililofuata, AZR60, pamoja na ndugu yake Voxy, lilianza mwaka 2001 na linavuta kwa magurudumu ya mbele. Injini yake imekaa kwa upana, na giaboksi na difu vimo ndani ya kasha moja. Mwenye AZR60 akiambiwa kwamba difu ya mbele imekufa, ajue kwamba ameambiwa giaboksi ishushwe, wakati mwenye SR40 anaweza kutoa difu ya nyuma na kuirudisha bila kuigusa giaboksi hata kidogo. AZR65, ambayo ni ya magurudumu manne, ina difu ya nyuma pia.

Jambo jingine la kujua ni aina ya otomatiki yenyewe. SR40 na AZR60 za mwanzo zina giaboksi ya gia nne, inayofanya kazi kwa pleti za msuguano zinazobanwa na presha ya oili. AZR60 zilizotoka baada ya maboresho ya mwaka 2004 zilikuja na CVT, ambayo haina gia za kuhesabu bali ina mkanda wa chuma unaozunguka kwenye puli mbili zinazotanuka na kusinyaa. Oili ya CVT si oili ya otomatiki ya kawaida. Mafundi wengi huita kila kilicho chekundu haidroliki, na nimeona CVT iliyomiminiwa haidroliki ya kawaida kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa dukani. Mkanda ule hutegemea oili yake maalumu ili usiteleze kwenye puli, na ukiteleza mara chache tu chini ya mzigo, uso wa chuma unachubuka na hautengenezeki tena.

Sasa dalili. Giaboksi inayokufa huonyesha ugonjwa wake kwenye kukamata. Ukitoa gia kutoka N kwenda D gari linachelewa kusogea, au linagonga kwa nguvu. Ukipanda mlima mzunguko wa injini unapaa lakini mwendo hauongezeki. Oili kwenye stiki ni nyeusi na inanuka kuungua. Kwenye Noah ya zamani, taa ya O/D OFF ikianza kuwaka na kuzima yenyewe, kompyuta ya gari inasema kwamba imehifadhi kosa la umeme wa giaboksi, na mara nyingine kosa hilo ni solenoidi (vali ndogo ya umeme) moja au plagi iliyoingia maji, si giaboksi nzima.

Difu haina tatizo la kukamata. Yenyewe hulia. Ikiwa gari linavuma kwenye mwendo fulani, na mvumo unabadilika pale unapoachia mafuta na kurudi unapokanyaga, wa kushukiwa kwanza ni meno ya krauni na pinioni (gia kubwa na ndogo zinazokamatana ndani ya difu) au beringi za pinioni. Ikiwa mvumo haujali mguu wako bali unabadilika unapoyumbisha gari kidogo kushoto na kulia, hiyo ni beringi ya gurudumu. Mlio wa tak-tak-tak unapokata kona kali kwenye AZR60 ni jointi za shafti za mbele. Kishindo kimoja cha kuondoka, au cha kubadili kutoka mbele kwenda nyuma, kinaweza kuwa nafasi iliyozidi kati ya meno ya difu, au mpira wa kushikilia giaboksi uliokatika, au krosi ya propela kama ilivyokuwa kwangu. Krosi hupimwa bila kufungua chochote: gari likiwa limezimwa na magurudumu yamewekewa vizuizi, shika propela kwa mikono miwili na uizungushe huku na huko. Krosi iliyolika utaisikia mkononi.

Kisha kuna rejeta. Oili ya otomatiki hupozwa kwa kupitishwa kwenye bomba lililo ndani ya tangi la chini la rejeta. Wengi wetu hapa tunajaza rejeta maji ya bomba mwaka mzima bila kuweka dawa ya kuzuia kutu, na kutu hiyo hatimaye hutoboa ukuta mwembamba unaotenganisha maji na oili. Oili ikigeuka kuwa kama maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, maji yameshaingia kwenye giaboksi, na gundi inayoshikilia uso wa msuguano kwenye pleti huanza kuachia. Ukibadili giaboksi bila kubadili rejeta, unaipeleka giaboksi mpya kwenye kifo kilekile.

Vigezo vya kulinganisha

Nitazipima njia zote kwa mambo manne. La kwanza ni gharama yote, si bei ya kipuri peke yake, kwa kuwa ndani yake kuna oili, sili, usafiri wa mzigo, kazi ya kushusha na kupandisha, na siku ambazo gari halileti kitu nyumbani. La pili ni muda. La tatu ni uhakika, yaani uwezekano wa kurudi gereji kwa tatizo lilelile. La nne ni mtu na gari ambao njia hiyo inawafaa. Sitaji bei, kwa sababu bei ya spea iliyokuwa sahihi mwezi uliopita humdanganya msomaji wa mwezi huu.

Njia ya kwanza: kufungua giaboksi na kuitengeneza

*Gharama.* Kwa kawaida kifurushi cha sili na pleti ni nafuu kuliko giaboksi nzima, lakini unafuu huo una masharti. Kama uharibifu umeishia kwenye pleti, sili zilizokauka na uchafu kwenye vali, unalipia kifurushi na kazi. Kama pampu imelika, au ngoma imechanika, au toki konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) imejaa unga wa chuma, kila kimoja kinaongeza gharama, na mara nyingi haya hujulikana baada ya giaboksi kuwa mezani. Kubaliana na fundi tangu mwanzo kwamba baada ya kufungua atakuita uone kabla ya kuagiza chochote.

*Muda.* Hii ndiyo njia isiyotabirika. Kazi yenyewe ni ya siku chache kwa fundi aliyezoea, lakini kipuri kimoja kisichopatikana mjini kinasubiri basi kutoka Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 1,100, na kikija si chenyewe, safari inaanza upya.

*Uhakika.* Hapa kuna tofauti kubwa kati ya fundi na fundi. Giaboksi ya otomatiki hutaka usafi ambao injini inaweza kusamehe ukikosekana. Njia za oili ndani ya vali ni nyembamba kiasi kwamba chembe ya mchanga au uzi wa kitambaa cha kufutia unatosha kukwamisha vali moja, na gari litatoka bila gia ya tatu. Kabla ya kukabidhi gari, angalia mahali giaboksi zinapofunguliwa. Kama ni chini ya mwembe, juu ya gunia, na upepo wa ziwa unapuliza vumbi la barabarani, tafuta pengine hata kama fundi ni hodari. Kosa la pili ni kubadili pleti zilizoungua peke yake na kurudisha zile zinazoonekana nzima pamoja na toki konveta ileile yenye uchafu. Giaboksi hiyo itatembea vizuri kwa wiki kadhaa, na baadaye uchafu utazunguka na kufanya kazi yake.

Kuna pia matengenezo ambayo hayastahili kuitwa kufungua, na ni vema yajaribiwe kwanza: kushusha sampu (trei ya oili iliyo chini ya giaboksi), kuangalia kilichonaswa kwenye sumaku, kubadili filta na oili, kupima solenoidi, na kurekebisha waya wa mafuta kwa giaboksi zilizo nao. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni uzee wa kawaida, lakini vipande vinavyoshikika kwa vidole ni habari nyingine. Naongeza tahadhari moja. Kama pleti tayari zinateleza na oili imeungua, oili mpya haiwezi kurudisha msuguano uliokwisha, na fundi anayekuuzia oili kama tiba katika hatua hiyo anakupotezea fedha.

*Anayefaa.* Mwenye giaboksi ya gia nne, aliyegundua tatizo mapema, ambaye rejeta yake haijachanganya maji na oili, na ambaye anaweza kukaa bila gari kwa muda usiojulikana vizuri. CVT siipendekezi kwa njia hii, kwa kuwa mkanda na puli vikishachubuka hakuna cha kubadili kirahisi, na mafundi wanaoifungua kwa kujiamini ni wachache.

Njia ya pili: giaboksi ya mtumba kutoka Japani

*Gharama.* Bei yake inajulikana kabla ya kuanza, na hilo peke yake ni faida kwa anayepanga fedha za nyumbani. Kinachosahaulika ni vinavyoambatana nayo: oili ya kutosha, sili za shafti, mipira ya kushikilia, na kuosha au kubadili kipozeo cha oili. Giaboksi ya zamani ilipokufa ilitapika unga wake kwenye mabomba na kipozeo. Ukifunga nyingine bila kusafisha njia hiyo, unga wote unaingia kwenye giaboksi mpya siku ya kwanza. Ukiweza kuchagua jambo moja tu la kumsimamia fundi kwa macho yako, simamia hili.

*Muda.* Ikipatikana Mwanza, gari linaweza kurudi barabarani ndani ya siku mbili au tatu. Ikiagizwa kutoka maduka ya Dar es Salaam, ongeza siku za mzigo njiani. Kwa gari la biashara muda huu mfupi mara nyingi ndio unaoamua.

*Uhakika.* Unanunua kitu ambacho hakuna aliyekiona ndani. Hata hivyo unaweza kupunguza kubahatisha. Anza kwenye bamba la chuma la gari lako, kwenye mstari ulioandikwa TRANS/AXLE: pale kuna herufi za giaboksi na za difu zilizotoka kiwandani, na muuzaji makini atakuuliza herufi hizo, hatakuuliza mwaka wa gari tu. Giaboksi mbili za Noah zinaweza kufanana kwa umbo huku plagi za umeme zikiwa tofauti. Vuta stiki au fungua nati ya kutolea oili na uinuse: ikinuka kuungua, iache hapo hapo. Hakikisha toki konveta imo. Andikishiana siku za majaribio kwenye risiti, kwa tarehe, pamoja na herufi za giaboksi, kwa sababu neno la mdomo husahaulika gari likianza kusumbua.

Wakati wa kufunga, toki konveta inapaswa kusukumwa hadi ikae sawasawa kwenye pampu kabla giaboksi haijaunganishwa na injini. Fundi mwenye haraka anayeivuta kwa boliti huku haijakaa huvunja pampu, kisha lawama zinamwangukia muuzaji.

Wauzaji wengine watakushauri uchukue injini na giaboksi kwa pamoja. Ni ushauri mzuri kwa gari ambalo injini nayo imechoka, lakini kumbuka kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo ukiibadili unapaswa kufuata taratibu za TRA za kurekebisha kadi.

*Anayefaa.* Mwenye gari la kipato cha kila siku, mwenye giaboksi iliyovunjika chuma ndani, na karibu kila mwenye CVT.

Njia ya tatu: kugeuza gari liwe la gia za mkono

Njia hii ina wapenzi wengi kandokando ya ziwa, hasa wanaobeba mizigo visiwani na vijijini, na sababu zao ni za kweli. Klachi ikiisha hubadilishwa na fundi wa kawaida, gari likigoma kuwaka husukumwa, na dereva ndiye anayeamua gia kwenye mteremko wenye mawe.

*Gharama.* Huwa juu kuliko watu wanavyotajiwa mwanzoni. Giaboksi ni sehemu moja tu. Zinahitajika pedeli ya klachi na silinda zake mbili, fraiwili (gurudumu zito la chuma nyuma ya injini) badala ya sahani nyembamba ya otomatiki, klachi nzima, beringi ndogo ya mwisho wa krankshafti, gia yenyewe na nyaya au fimbo zake, na mara nyingi propela inayopaswa kukatwa au kurefushwa na kusawazishwa. Propela isiyosawazishwa hutetemesha gari zima na kuanza kula beringi ya pinioni, na hapo umetatua giaboksi ukaiharibu difu.

*Muda.* Hesabu wiki, si siku, isipokuwa fundi amepata gari zima la kunyofoa vifaa vyote kwa pamoja.

*Uhakika.* Chuma kikikaa sawa, giaboksi ya mkono hudumu miaka mingi. Udhaifu uko kwenye umeme. Otomatiki ina swichi inayozuia starta isizungushe injini isipokuwa gia iko P au N. Mafundi huunganisha nyaya za swichi hiyo ili gari liwake, na kuanzia hapo litawaka likiwa ndani ya gia na kuruka mbele. Gari la familia, lenye watoto wanaocheza na ufunguo, halipaswi kubaki hivyo. Dai swichi iwekwe kwenye pedeli ya klachi. Angalia pia taa za kurudi nyuma na kipimo cha mwendo, ambavyo vilikuwa vikipata taarifa zake kwenye giaboksi iliyotolewa.

*Anayefaa.* Mwenye SR40, mwenye nia ya kubaki nalo miaka mingi, na mwenye fundi ambaye amewahi kufanya kazi hiyo hiyo kwenye gari linaloweza kuonekana likitembea. Kwa AZR60, na hasa ya CVT, sioni faida: kompyuta, shafti na nafasi iliyopo chini ya boneti vyote vinapingana na wazo hilo. Ukija kuuza, ujue pia kwamba wanunuzi wengi wa mjini hulitilia shaka gari lililogeuzwa.

Kama ni difu

Kwa difu ya nyuma uchaguzi ni mwepesi, na njia ni mbili tu: kubadili beringi na sili ukabaki na meno yako, au kununua difu nzima ya mtumba.

Kutengeneza kunafaa pale meno ni mazima na kinacholia ni beringi. Kazi hii inahitaji vipimo. Nafasi kati ya krauni na pinioni kwenye difu nyingi za Toyota za ukubwa huu ni kati ya milimita 0.13 na 0.18, na hakuna mkono unaoweza kukisia tofauti hiyo. Fundi anapaswa kuwa na saa ya kupimia, na kupaka rangi kwenye meno kuona yanapogusana. Krauni na pinioni vilisagwa pamoja kama jozi, kwa hiyo usikubali kuletewa pinioni ya difu moja ifungwe na krauni ya nyingine. Kazi isiyo na vipimo itatoa difu inayolia zaidi ya ile iliyoingia gereji.

Difu nzima ya mtumba hufungwa kwa nusu siku, na nadhani ndiyo njia ya busara zaidi kwa wengi, mradi uwiano wa meno ulingane. Krauni yenye meno 41 na pinioni yenye meno 10 inatoa uwiano wa 4.1, ile ya 43 kwa 10 inatoa 4.3. Kwenye SR40 kosa hapo litakupa gari zito mlimani au linalokula mafuta. Kwenye SR50 na AZR65 kosa hilohilo litaifanya ekseli ya mbele na ya nyuma kushindana, na kiungo kinachogawa nguvu katikati kitapata moto na kufa. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye gari la magurudumu manne asifunge matairi mapya mawili mbele na kuacha yaliyokwisha nyuma.

Neno moja kwa wanaopakia ufukweni. Gari likitoka barabarani ekseli yake ni ya moto, na likirudishwa nyuma hadi ekseli iguse maji ili kupokea mzigo wa mtumbwi, hewa iliyo ndani ya difu hupoa ghafla na kusinyaa. Kipumulio kilicho juu ya ekseli kikiwa kimezibwa na tope, difu hunyonya maji kupitia kwenye sili. Oili inakuwa nyeupe, beringi zinapata kutu, na baada ya miezi kadhaa mvumo unaanza. Safisha kipumulio, na kama gari linaingia majini mara kwa mara, fungua nati ya difu uone rangi ya oili kila mwezi. Oili yake ni ya gia, ya daraja la GL-5, kwa kawaida 80W-90, na haidroliki haiwezi kukaa mahali pake.

Kwa hali yako

Kama gari ndilo linalolipa ada na chakula, na kila siku ya gereji ni siku ya njaa, giaboksi ya mtumba iliyohakikiwa herufi zake, pamoja na kipozeo kilichosafishwa, inakupa muda mfupi na bei inayojulikana.

Kama ni gari la familia la kwenda kazini na kanisani au msikitini, lina gia nne, na limeanza tu kuchelewa kukamata, anza na sampu na umeme, kisha kufungua, kwa kuwa una nafasi ya kusubiri kazi safi.

Kama unaishi Ukerewe, ambako kila spea inavuka kwa kivuko na fundi wa otomatiki yuko ng'ambo, na gari lako ni SR40, gia za mkono zinastahili gharama yake kuliko zinavyostahili kwa mtu wa Nyegezi.

Kama ni CVT, pata ya mtumba pamoja na oili yake sahihi. Kama bei ya hiyo inakaribia nusu ya thamani ya gari, na injini nayo inakula oili, piga hesabu ya kuliuza lilivyo kwa anayetafuta vipuri, huku ukimwambia mnunuzi ukweli wote.

Popote litakapolala, usilivute kwa kamba hadi mjini. Pampu ya oili ya otomatiki inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, magurudumu yanayovuta yanazungusha giaboksi iliyo kavu, na safari ya kutoka Usagara hadi Igogo inatosha kuua kilichobaki. SR40 itolewe propela kwanza, AZR60 inyanyuliwe magurudumu ya mbele, na la magurudumu manne lipandishwe lote juu ya gari la kubebea.

Siku ya kuchukua gari, nenda asubuhi wakati injini ni baridi na uombe kuliwasha mwenyewe. Litembeze hadi lipate moto, lipandishe mlima wa Bugando, lisimamishe katikati ya mlima kwa breki na uliondoe tena, kisha lirudishe nyuma kwenye mwinuko. Ukishuka, lisimamishe mahali pa tambarare, ipitishe gia kwenye nafasi zote hadi P, liache kwenye sailensa, injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, ndipo uvute stiki uangalie oili ikiwa ya moto. Inama uangalie chini kama kuna tone. Fedha iliyobaki lipa baada ya hapo.